Mjomba kajitoa kwenye grupu kisa neno "ushenzi"

Wiki mbili zilizopita mjomba wangu mkubwa kajitoa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp. Hakuaga wala nini, tumeona tu kale kamstari kadogo kanasema fulani ameondoka. Kosa lenyewe ukilisikia unaweza ukacheka, binamu yangu mdogo yule wa chuo alikuwa anataniana na dada yake mambo ya sare ya harusi, akamwandikia "we nae acha ushenzi vaa viatu vya maana", akamalizia na vikatuni vitano vya kucheka. Basi. Hakumtaja mjomba, hata hakujua kama mjomba huwa anasoma meseji zetu maana yule mzee kazi yake kwenye grupu ni kutuma "Amina" tu.

Nikampigia. Shikamoo mjomba, marahaba, halafu kimya. Nikamuuliza mbona umetukimbia mzee wangu. Akavuta pumzi akasema, mwambie huyo mtoto hilo neno lisiandikwe mahali nilipo mimi, hilo neno baba yangu alirudi nalo kutoka Tanga.

Nikabaki nimeshika simu kama fala. Kwa sababu mimi mwenyewe natumia hilo neno kila siku jamani. Daladala ikinirushia maji ya dimbwi nasema shenzi kabisa. Umeme ukikatika nikiwa napika nasema ushenzi gani huu. Kwangu mimi ni tusi jepesi, la kutolea hasira, halina tofauti na kupiga meza. Kumbe kwa mjomba lina sura na lina anwani.

Nilivyokaa nae kwenye simu (alinipigia mwenyewe baadae, alikuwa na kifurushi) akanieleza. Babu yangu mzaa mama alitoka Urambo, Tabora, kijana mbichi mwishoni mwa miaka ya 40 akaenda Tanga kukata mkonge. Wenyewe wakiitwa manamba, kwa sababu ukishaandikishwa unapewa namba na jina lako linabaki kwenu. Kulikuwa na ofisi kabisa ya kuwakusanya watu bara na kuwapeleka mashambani, SILABU, wazee wa Tabora na Kigoma ukiwatajia hiyo wanaijua kabla hujamaliza. Unapewa kipande, yaani kadi ya kazi ya siku thelathini, ukikata mafungu yako unawekewa alama, ukiumwa siku hiyo haihesabiwi. Hayo yote babu aliyavumilia, kazi ni kazi. Alichokuja nacho nyumbani ukiacha baiskeli na blanketi ni hadithi ya siku alipoingia mjini Jumapili akaketi kwenye mgahawa anywe chai, mwenye mgahawa akamwambia mtoto wa kazi mpelekee huyo mshenzi chai yake nje. Hakuwa amefanya kitu. Hakuwa amepiga kelele, hakutema mate, alikuwa amekaa tu. Mshenzi lilikuwa ndo jina lake kwa pale.

Sasa hapo ndo niliposhtuka, maana sisi wa siku hizi tunajua mshenzi ni mtu aliyefanya jambo baya. Zamani hukuhitaji kufanya jambo lolote. Ilikuwa ni mahali ulipotoka tu.

Huko pwani enzi hizo mambo yalipangwa hivi. Kuna mwungwana, huyo ni mtu huru wa mjini, ana nasaba yake, anaswali, anajua Kiswahili safi, ikiwezekana ana nyumba ya mawe. Halafu kuna mtumwa. Halafu huko nje, ukishavuka mashamba ya minazi ukaanza kupanda vilima, wote ni washenzi. Hata waliokuwa wanaishi mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Pangani nao washenzi, wala haikujalisha kama wana machifu wao na sheria zao na dini yao. Na neno la sifa lenyewe nalo likabadilika. Mwanzo sifa kubwa ya mtu ilikuwa uungwana. Waomani walipohamishia ufalme wao Zanzibar karne ya 19 likapanda neno lingine, ustaarabu, ambalo ukilipasua ndani yake unakuta Uarabu, kustaarabika maana yake ni kuwa kama Mwarabu. Mama yangu tulivyokuwa wadogo akitwambia kwa wageni mkae kistaarabu, Mnyamwezi wa watu, hakujua anatuagiza tukae kama watu wa Maskati, na sisi tulikaa hivyohivyo na kandambili zetu.

Ila kisa kinachonifurahisha mimi kuliko vyote ni cha wapagazi. Wale waliobeba mizigo ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji mpaka Manyema, wengi wao pale pwani hawakuwa kitu. Wengine watumwa, wengine waliachwa huru juzi, wengine wenyewe walitoka hukohuko bara wakasilimu njiani. Pwani hakuna ambaye angewaita waungwana hata kwa bahati mbaya. Lakini wakishavuka Ziwa Tanganyika, tayari, wanavaa shuka jeupe, wanaongea Kiswahili, wana bunduki, na jina lao kule likawa Wangwana! Na wale waliowakuta ndo wakawa washenzi. Mpaka leo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kuna watu wanakiita Kingwana, yaani lugha ya waungwana, na waliokipeleka ni wale wenzetu waliokuwa wanapelekewa chai nje.

Na neno halikuishia hapo, likapokelewa na Wabelgiji. Kwenye Kongo yao mtu wa kijijini akawa basenji, na upande wa pili wakatengeneza tabaka la waliosoma wakawaita "evolue", yaani mtu aliyekwisha kubadilika, na mwaka 1948 wakaanza hata kutoa kadi ya kuthibitisha kwamba wewe ni mstaarabu. Kadi! Mwaka 1952 wakaongeza na daraja la juu zaidi, hilo unaomba, unachunguzwa nyumbani kwako unakulaje na unaishije na mkeo, ndo unapewa. Na kuna mbwa wadogo wa huko wenye mkia uliojikunja, hawabweki kama mbwa wengine, wazungu waliwachukua miaka ya 30 kuwapeleka Uingereza, leo duniani kote wanaitwa Basenji. Mbwa wa washenzi. Anauzwa bei ambayo siwezi kuiandika hapa mke wangu akaisoma.

Rwanda nao wanalo, umushenzi, wamelichukua kutoka kwenye Kiswahili. Na mtu mstaarabu wao wanamwita umusirimu, ambalo ukilisikiliza vizuri ni mtu wa Silimu, Muislamu, kwa sababu waliokuja na kanzu na sukari na maneno ya mjini mwanzoni walikuwa Waislamu wa kutoka huku. Kwa hiyo unaweza ukamkuta mlokole wa Kigali anasifiwa ni umusirimu na hana habari.

Basi hilo la mjomba. Mimi langu ni mshamba.

Nilikuja Dar 2006 kuanza chuo. Siku ya pili nikapanda daladala ya Mwenge Posta, nikaingia mlangoni nikasimama vizuri nikasema kwa sauti "Shikamooni". Ndo nilivyolelewa, ukiingia mahali pana watu wazima unasalimia, sasa daladala si mahali? Kimya kikapita kama sekunde mbili halafu gari zima likaangua kicheko. Konda akasema, huyu kaja mjini na mbio za mwenge. Nikacheka na mimi bila kuelewa. Kuna mama mmoja tu siti ya nyuma alijibu "marahaba mwanangu, kaa hapa", akanisogezea kindoo chake nikakaa nusu tako mpaka Posta. Yule mama sijamsahau.

Kwa msiojua hilo la mwenge, ule Mwenge wa Uhuru uliowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, tangu 1964 unakimbizwa kila mwaka nchi nzima mpaka vijiji ambavyo hata pikipiki inafika kwa kujuta. Kwa hiyo mtu akikwambia umekuja na mbio za mwenge anasema ulikuwa huko huna nauli, ukaona moto unapita ukaufuata ukajikuta Ubungo. Wengine wanasema umekuja na lori la mkaa. La mkaa linauma zaidi maana kwa wengine ni kweli kabisa.

Halafu ndo nikaanza darasa la mjini. Unaambiwa mjini shule, na ada yake ni kuchekwa. Nilichekwa kwa kusema "naomba kushuka" badala ya "shusha". Nilichekwa kwa kumshukuru konda. Nilichekwa kwa kunywa chai ya saa nne na ugali wa jana, nilichekwa kwa L na R zangu, maana Kinyamwezi hakina R, sisi ulimi ukifika hapo unapita njia ya mkato. Rafiki yangu mmoja wa Temeke alikuwa ananiambia sema "rula ya Rehema" halafu anakaa chini kabisa kucheka. Ushamba mzigo, alikuwa ananiambia, utue. Nikautua kidogokidogo mpaka siku moja nikausikia mwenyewe mdomo wangu unamwambia kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Kasulu, "dogo we mshamba kweli". Alikuwa amesalimia lifti. Yaani watu waliokuwa ndani ya lifti.

Ila mshamba siku hizi Dar sio lazima utoke shamba. Mtu kazaliwa Magomeni, baba yake kazaliwa Magomeni, akifunga kitambaa rangi isiyopendeza unasikia mshamba huyu. Unguja ndo bado neno lina ardhi chini yake, kule mtu akisema anakwenda shamba haendi kulima, anakwenda nje ya mji, Makunduchi ni shamba, Nungwi ni shamba hata kama kuna hoteli ya dola mia tatu. Na ndani ya mji wenyewe walikuwa na mpaka wao, Mji Mkongwe upande huu na Ng'ambo upande wa pili wa maji, na hata jina tu linakwambia aliyelitoa alikuwa amesimama wapi. Anayeishi Ng'ambo hawezi kuita kwake ng'ambo. Kaitiwa.

Mombasa ni hivyohivyo na Wanyika. Watu wa mji waliwaita majirani zao wa nyuma ya pwani Wanyika, watu wa nyika, watu wa porini, na wamisionari Krapf na Rebmann walipoweka kituo Rabai mwaka 1846 wakalibeba jina hivyohivyo wakaliandika kwenye vitabu. Miaka mia nzima watu wanaitwa watu wa pori. Mpaka miaka ya 1940 wenyewe wakakaa wakasema basi, sisi ni Mijikenda, makaya tisa. Na lile pori lenyewe walilotukaniwa, zile kaya msituni, mwaka 2008 UNESCO ikaziweka kwenye urithi wa dunia. Sasa hivi unalipa kiingilio kuona ushenzi wa watu.

Sasa hebu tufike kwetu Urambo maana nilikuwa natafuta njia ya kufika huku. Bongo kuna tusi linaitwa mlugaluga. Mtu mchafu mchafu, hajui mambo, nguo hazieleweki, katoka porini, mlugaluga huyo. Wenzangu wanalitumia kama hewa. Na mimi nilikuwa nalicheka mpaka nilipokaa siku moja na mzee mmoja pale nyumbani akaniambia unajua hao walikuwa nani? Rugaruga walikuwa askari. Askari wa Mirambo, mtemi wetu wa Unyamwezi! Vijana waliokuwa wanavaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, mchana wanatembea usiku wanatembea, na kwa vijana hao Mirambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji mwaka 1871 wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora wakakaa na pembe zao hawana pa kupita. Stanley siku hizo alikuwa anamtafuta Livingstone akaingia kwenye vita upande wa Waarabu, wakachapwa, akalazimika kuzunguka kusini. Miaka mitano baadae akakutana na Mirambo uso kwa uso, akaenda kuandika kwamba huyu ndo Napoleon wa Afrika. Mirambo kafa 1884, Wajerumani wakaja, wakawachukua rugaruga wa machifu mbalimbali wakawatumia kwenye vita vyao, na jina likaanza kushuka thamani taratibu kama shilingi. Likatoka kuwa kitu cha kutisha likawa kitu cha kuchekesha. Na R zetu zikaliweka sawa, mlugaluga.

Mmatumbi ni hivyohivyo na hili linaniuma zaidi japo mimi sio mtu wa kusini. Mitandaoni utaona mtu kaandika "sisi wamatumbi bana hatuwezi kupanga foleni", anamaanisha sisi weusi, sisi tusiojielewa. Wamatumbi ni watu, wapo, wana milima yao kule Kilwa. Na pale Nandete, Umatumbini, Julai 1905 ndipo walipokwenda kwenye shamba la pamba walilokuwa wanalimishwa kwa nguvu wakang'oa miche, na vita ya Maji Maji ikaanzia hapo. Tungekuwa na akili kumwita mtu mmatumbi ingekuwa ni kumwambia we jasiri sana. Lakini nani aliyeshindwa akaachiwa jina lake safi?

Na ngoja, usidhani majina yanashuka tu. Mnyamwezi limepanda! Hili sijui nani alianzisha ila Bongo sasa hivi Wanyamwezi ni Wamarekani, na Marekani ni Unyamwezini. "Jamaa yuko Unyamwezini siku hizi, anapiga boksi." Mara ya kwanza kusikia nilidhani wanasema kuna mtu kahamia Sikonge, hukohuko kwetu Tabora. Kabila langu lililopelekewa chai nje limekuwa ndo kipimo cha ujanja duniani na wala hakuna aliyetuuliza. Nilimwambia mjomba hiyo kwenye simu, nikasikia kicheko cha kwanza siku ile.

Na wenye lugha yenyewe wamepona? Thubutu. Mtu akikwambia "acha uswahili" anakusifu? "Mambo ya kiswahiliswahili", maana yake umbea, ahadi hewa, kuchelewa, kudaiana, ngoma mpaka saa nane usiku. Uswahilini ni kule kwetu kusikopimwa viwanja. Na hilo nalo lina ramani yake, wakoloni waliigawa miji, Uzunguni kwenye bustani na upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini huko mnakojuana wenyewe, na kwenye miji mingi ya zamani ya nchi hii utayakuta majina ya namna hiyo. Mkoloni kaondoka 61 ramani ikabaki kwenye mdomo. Kwa hiyo Mswahili aliyemwita babu yangu mshenzi, mjukuu wake leo yuko Masaki anawaambia wafanyakazi wake waache uswahili, kwa Kiswahili.

Kuna kipindi hili jambo lilishika hata serikali. Mwishoni mwa miaka ya 60 kukawa na kampeni ya kuwavisha Wamasai, waache rubega na yale mafuta mekundu wavae suruali kama watu, maana taifa jipya linaonekana la kishenzi. Sawa. Wakati huohuo, tarehe 1 Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Operesheni Vijana, mabinti wa Dar waache sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua, wavulana waache suruali za kubana. Fikiria uko pale, Mmasai anaambiwa hajastaarabika na dada wa Kariakoo anaambiwa kastaarabika kupita kiasi, wote wanafukuziwa nguo, na aliyeko sawasawa katikati ni nani? Bila shaka ni yule anayeandika barua. Leo hiyohiyo rubega ukitua uwanja wa ndege ndo picha ya kwanza unayoiona, na hoteli zinaajiri vijana waivae wasimame mlangoni.

Kama kuku. Neno kienyeji ukilitia kwenye mtu ni tusi, kafanya mambo kienyeji, yaani ovyo, bila utaratibu, bila risiti. Litie kwenye kuku uone bei.

Ya uzamani ndo mepesi zaidi, hayo siyaonei uchungu sana. Mtu wa kizamani, mtu wa enzi za Mwalimu, zilipendwa. Tarehe 31 Desemba 2012 walipozima mitambo ya analojia Dar, wiki hiyohiyo tusi jipya likazaliwa, we analojia wewe, na miezi michache baadae Kenya wakapiga nalo kampeni kabisa, Uhuru na Ruto wakijiita dijitali na akina Raila wakabandikwa analojia. Neno likazeeka haraka kuliko waliotukanwa nalo, sasa hivi anayesema "analojia" ndo mwenyewe wa zamani. Na mhenga! Zamani wahenga ni wale wenye methali, wahenga walisema. Siku hizi ukikumbuka tu RTD, ile redio ya taifa ya zamani, ilikuwa inapiga nini saa saba mchana unaambiwa we mhenga. Mimi nina miaka 39 nimeshaitwa mhenga mara tatu mwezi huu.

Limbukeni nalo nalipenda japo linauma. Kulimbuka ni kuonja mazao mapya ya kwanza, malimbuko, kitu cha baraka kabisa hadi kanisani kinapelekwa. Sasa mtu akipata gari la kwanza akawa anapiga honi kwa kila jirani wanasema limbukeni, ndo kwanza anaonja. Mimi naona ni tusi la haki kidogo kuliko mengine, angalau umefanya jambo.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Nimefika jioni, nimechoka, mabegi, simu mkononi, nikapita uani moja kwa moja nikauliza "chaja iko wapi, umeme upo?" Bibi yangu, mama yake mjomba, kakaa pale kwenye mkeka na wenzake watatu wanapukuchua mahindi. Hakunijibu. Nikapita tena. Hakunijibu. Mara ya tatu akawaambia wenzake, kwa Kinyamwezi, kama vile sipo, huyu mtu katoka mahali ambapo watu hawasalimiani, mwacheni hajui. Wale bibi wakanitazama kwa huruma ileile ya yule mama wa kindoo. Nikarudi mlangoni, nikaweka begi chini, nikaanza upya.

Basi binamu alimpigia mjomba akaomba radhi, nilimlazimisha. Mjomba karudi kwenye grupu juzi Jumatatu. Kaanza na "mwangaluka", salamu yetu ya Kinyamwezi, kwa wote, tukaitika wote hata waliozaliwa Dar wasiojua kuiandika, halafu akatuma sauti ya dakika sita kuhusu babu, Tanga, namba, na ile chai ya nje. Watu walilia, dada yangu kaandika mjomba tunaomba ulitunze hilo. Ila mwisho kabisa wa hiyo sauti, kama dakika ya tano na nusu, unasikia ng'ombe kwa mbali, mjomba anakatisha, anaweka simu pembeni bila kuizima, na unamsikia anafoka kuelekea shambani kwake, "we nani kaacha ng'ombe waingie huko? Walugaluga wakubwa nyie!"